Paka Tuliyemfungia Mlango: Kumchukua Mnyama katika Kituo cha Wanyama

Mhadhara uliotolewa baada ya Sala ya Tarawehe, na kunakiliwa kwa ajili ya wanajumuiya ambao hawakuwahi kuhudhuria

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, anayemruzuku kila mwenye kutambaa, kuruka na kutembea juu ya ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. 

Usiku wa leo tutazungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaliona dogo kwa darsa ya Ramadhani. Tutazungumzia paka, na kidogo tutazungumzia mbwa. Tumelichagua kwa sababu tunaulizwa mara kwa mara, na kwa sababu tunadaiwa.

Mwaka juzi, siku moja baada ya Sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa jumuiya hii amemshika mkono binti yake wa miaka tisa. Mama huyo ametupa ruhusa kuyasimulia haya, kwa sharti tusimtaje jina. Binti alikuwa amekwenda na wenzake wa shule kwenye kituo cha wanyama cha kaunti, akamwona paka wa kijivu nyuma ya kioo, na tangu siku hiyo nyumba haikuwa na mazungumzo mengine. Mama akauliza: “Sheikh, inafaa?” Nasi tulikuwa na haraka. Tukamjibu kwa pumzi moja kwamba paka ni twahara, mchukueni, hakuna ubaya. Wakafurahi, wakaenda zao.

Paka akachukuliwa, akapewa jina, akawa analala miguuni mwa mtoto. Ilipofika likizo ya shule, familia ikasafiri kwenda Mombasa kwa wiki sita kuwaona wazee. Kijana wa jirani akaombwa aje kila siku kumtilia paka chakula na maji. Akaja siku za mwanzo. Kisha kazini kwake akabadilishiwa zamu, siku zikampita, na hakuna aliyempigia simu kumwuliza. Wapangaji wa ghorofa ile ndio waliosikia mnyama akilia nyuma ya mlango. Msimamizi wa jengo akafungua, akawaita watu wa kaunti. Kituoni wakamkuta na chipu chini ya ngozi, wakaipiga namba iliyosajiliwa. Lakini mama alikwisha kubadilisha simu na namba ile haikuwa yake tena. Siku za kumngojea mwenyewe zikamalizika. Familia iliporudi, paka alikuwa amepewa watu wengine.

Binti akaja kwetu msikitini. Hakulia. Alisema: “Sheikh, yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka, ulitusomesha madrasa. Sisi je?”

Ndugu zetu, tumesoma fiqhi miaka mingi, na kwa kitambo hatukuwa na neno la kumwambia mtoto yule. Kosa la kwanza lilikuwa letu. Tuliulizwa suala, tukajibu nusu yake. Tulisema kuwa paka anafaa kufugwa. Hatukusema ni nini kinachotulazimu tukishamfungia mlango. Darsa ya leo ni ile nusu iliyobaki.

Tuanze na kituo chenyewe, kwani wengi wetu hupita mbele yake bila ya kujua kinachofanyika ndani. Hapa Marekani, miji na kaunti nyingi zina kituo cha wanyama kinachoendeshwa kwa fedha za kodi. Huletwa humo mbwa na paka waliookotwa barabarani, waliotolewa katika nyumba za mateso, na wale ambao wenyewe wamewatoa kwa sababu ya kuhama, kuugua, au kuchoka nao. Mnyama aliyeokotwa huwekwa kwa idadi ya siku zilizopangwa na sheria ya mahali pale, ili mwenyewe apate kuja kumdai. Siku hizo zikipita, kituo kinaweza kumpa mtu mwingine, kumkabidhi kwa jumuiya ya hisani, au, mahali pakijaa au mnyama akiwa mgonjwa sana, kumwua kwa sindano. Wanyama wanaopokewa katika vituo vya nchi hii kila mwaka huhesabiwa kwa mamilioni. Majira ya joto ndiyo mazito zaidi, kwa kuwa ndiyo wakati paka wanapozaa kwa wingi. Na majira hayo hayo ndiyo ambayo sisi hufunga mizigo kwenda nyumbani.

Anayetaka kumchukua mnyama hujaza fomu, huulizwa khabari za nyumba yake, hulipa ada na kutia saini mkataba. Mara nyingi mnyama huwa amekwisha kuchanjwa, kuhasiwa na kutiwa chipu.

Msidhani kuwa kuwatengea wanyama mahali pao ni wazo geni kwetu. Inasimuliwa kuwa Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277 Miladia, aliacha bustani mjini Kairo iwe waqfu kwa ajili ya paka. Edward Lane, Mwingereza aliyeishi Kairo katika karne ya 19, ameandika kuwa katika zama zake watu walikuwa bado wakiwaletea chakula paka waliokuwa wakikusanyika kwa ajili ya waqfu huo.

Sasa mzee mmoja atasema: kwetu paka hawana mambo yote haya. Ni kweli, na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja, mitaa ya kale ya Mombasa: paka kule ni wa mtaa. Asubuhi yuko sokoni akingojea matumbo ya samaki, adhuhuri amelala barazani kwa bibi fulani, usiku yuko juu ya paa anawinda panya. Wako wanaokonda, na wako wanaopigwa mawe, hilo hatulikatai. Lakini paka wa mtaa akinyimwa nyumba hii huenda ile, na akikosa kote atawinda. Mzigo wake umebebwa na watu wengi, kila mmoja kidogo, na hakuna mtu mmoja ambaye akisahau siku mbili paka atakufa.

Huku ughaibuni tunampandisha paka ghorofa ya tatu na kufunga mlango. Hawezi kuwinda. Hawezi kwenda kwa jirani. Hajui soko la samaki liko wapi. Mwenye kuruzuku ni Mwenyezi Mungu, lakini njia ya riziki ya kiumbe huyu imepitishwa mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe uliyetia saini.

Kwa mwanga huo tuirejee ile hadithi aliyoitaja binti. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (R.A.), na imo katika Bukhari na Muslim. Mwanamke aliadhibiwa kwa ajili ya paka. Tazameni vizuri alichokifanya, kwani hatuambiwi kuwa alimpiga wala kumchoma moto. Tunaambiwa kuwa alimfungia, kisha hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhi. Wanavyuoni wametoa humo hukumu kuwa kumweka paka ndani si haramu maadamu hapuuzwi kwa chakula na maji. Ni rukhsa, alhamdulillahi. Lakini ina maana nyingine: kila mmoja wetu anayefuga paka ndani ya fleti amekwisha kuingia katika sehemu ya kwanza ya hadithi ile. Mlango ameufunga. Kinachomtenga na yule mwanamke ni kibakuli cha chakula na kibakuli cha maji, leo, na kesho, na kila siku ya umri wa mnyama huyo. Na paka anayetunzwa ndani ya nyumba huishi miaka kumi na mitano na hata zaidi. Binti wa miaka tisa atakuwa mwanamke wa miaka ishirini na nne.

Imamu al-Izz bin Abdis-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipozitaja haki za mnyama juu ya mwanadamu, ya kwanza aliyoitaja ni kumgharimia, hata akiwa mzee au mgonjwa asiyetarajiwa kuleta manufaa yoyote. Kwa lugha ya leo: bili ya daktari wa wanyama ni katika nafaka ya lazima ya yule uliyemchukua. Asiyeweza kuibeba asianze.

Baada ya msingi huo, tuje katika masuala mnayotuuliza.

La kwanza ni ada. Wengine wamesikia kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza thamani ya paka, na hadithi hiyo ya Jabir (R.A.) imo katika Muslim. Jamhuri ya wanavyuoni wamejuzisha kuuza na kununua paka, na Imamu Nawawi ameeleza kuwa katazo hilo linaelekea kwenye paka mwitu asiye na manufaa, au ni la kuwahimiza watu wapeane paka bila ya bei. Pamoja na hayo, ada ya kituo kwa hakika ni mchango wa chanjo, upasuaji na chakula alichokula mnyama humo. Hakuna haja ya kuingiwa na wasiwasi.

La pili ni kuhasiwa, nalo ni zito zaidi. Imamu Nawawi, katika madhehebu yetu, amesema kuwa kumhasi mnyama asiyeliwa nyama ni haramu. Wanavyuoni wa Kihanafi wamelijuzisha panapokuwa na manufaa au kuzuia madhara, na wako wanavyuoni wa zama zetu walioruhusu paka kuhasiwa ikiwa wamezidi na upasuaji hauwadhuru, wakisema kuwa hilo ni bora kuliko kuwaua. Sisi, baada ya kuona vizimba vya majira ya joto, tunaiegemea kauli hii. Vilevile, mnyama wa kituoni mara nyingi amekwisha kuhasiwa kabla hujamjua, na kumpokea aliyehasiwa hakuna tatizo, Mtume (S.A.W.) mwenyewe amepokewa kuwa alichinja kondoo wawili waliohasiwa. Ukipewa mnyama mdogo kwa sharti kwamba utamrudisha afanyiwe upasuaji, na ukatia saini, basi hilo limekuwa ahadi. Usitie saini huku moyoni umenuia kutotimiza.

La tatu ni twahara. Abu Qatada (R.A.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, mkwewe Kabsha alipomtazama kwa mshangao, akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, naye ni katika wanaotuzungukia majumbani. Mate yake basi hayaharibu maji. Mkojo na kinyesi chake ni najisi, kwa hivyo sanduku lake la mchanga liwe mbali na mahali pa kusalia. Ama manyoya, katika madhehebu ya Shafi yale yanayobanduka kutoka kwa mnyama hai asiyeliwa huhesabiwa najisi, lakini uchache wake husamehewa, na msamaha hupanuka kwa ambaye hana budi kuishi nayo. Pangusa kanzu yako usali, wala usifungue mlango wa wasiwasi. Na mama mjamzito asiliguse lile sanduku la mchanga. Kinyesi cha paka huweza kuwa na kijidudu kinachomdhuru mtoto tumboni. Hiyo iwe kazi ya baba.

La nne ni mkataba wa nyumba. Wako miongoni mwetu wanaomficha paka kila fundi au msimamizi anapobisha hodi. Mwenyezi Mungu ametuamuru mwanzoni mwa Suratul Maida kutimiza mikataba. Ikiwa mkataba wako wa kupanga umekataza wanyama, basi umekataza. Omba ruhusa kwa maandishi, ulipe ziada inayotakiwa, ndipo uende kituoni. Familia inayogunduliwa hulazimika kuchagua kati ya paka na nyumba, na sote tunajua ni nani atakayetolewa nje.

La tano ni chakula, khasa katika mwezi huu. Wengi wetu hudhani wema ni kumpa paka mabaki ya futari. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka, na ni chakula gani cha futari yetu kisichokuwa na kitunguu? Mchuzi wa pilau usimpe. Maziwa humwendesha tumbo paka mkubwa. Panadol ni sumu kwake, hata kipande kidogo, basi asimtibu mtu paka kwa dawa zake mwenyewe. Anunuliwe chakula chake cha samaki au kuku, na isomwe karatasi ya kopo ili tusinunue nyama ya nguruwe. Na kumbukeni kuwa paka hafungi. Nyumba inapolala baada ya Alfajiri mpaka karibu na Adhuhuri, yeye anangoja. Mwenye kula daku na aangalie kibakuli cha maji kabla ya kutia nia. Sisi tunaijua kiu ya saa kumi na tatu, na tunajua kuwa itakwisha kwa adhana. Yeye hajui itakwisha lini.

La sita ni safari, na hapo ndipo tulipoanguka. Kabla ya kukata tikiti, mtafute mtu wa kumwachia paka, mwaminifu, na juu yake uwe na wa pili. Mpe ufunguo, namba ya daktari na fedha za dharura. Mpigie simu kila baada ya siku mbili, kama unavyowapigia wazee. Ukibadilisha namba ya simu au nyumba, siku hiyo hiyo badilisha na namba iliyosajiliwa kwenye chipu. Chipu yenye namba iliyokufa ni sawa na barua isiyo na anwani. Na ikiwa umeshindwa kabisa, mrudishe kituoni kwa mkono wako, ueleze ukweli. Mikataba mingi ya vituo inalitaka hilo. Kumrudisha kunaumiza nafsi, lakini kumwacha kwenye maegesho ya magari kwa kudhani kuwa atajitafutia ni kosa la jinai katika majimbo mengi, na mbele ya Mwenyezi Mungu ni kukimbia amana.

Tumebakisha mbwa. Watoto wetu huwaona kwa wenzao wa shule, na wanawataka. Hapa hatuwezi kulainisha lililokuja wazi. Katika hadithi sahihi, anayefuga mbwa asiyekuwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba hupungukiwa na thawabu zake kila siku, na malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Imamu Nawawi ameona kuwa kauli sahihi zaidi ni kuruhusu mbwa wa kulinda nyumba kwa kukisia na hao watatu, na wako wanavyuoni wa sasa waliomkisia mbwa anayemwongoza kipofu. Haja ya kweli ina mlango wake. Mbwa wa kuchezea sebuleni hana mlango huo, na tusimvishe joho la ulinzi ili tupate kumwingiza. Kuhusu najisi, Mamaliki wanamwona mbwa kuwa twahara; sisi Mashafi huosha mara saba, moja yake kwa udongo, pale unyevu wake unapotugusa.

Lakini mtoto asitoke hapa akidhani kuwa mbwa ni adui. Hadithi mashuhuri kuliko zote juu ya kuwahurumia wanyama ni ya mbwa mwenye kiu: mtu alishuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba wakauliza kama wanapata thawabu hata kwa wanyama, wakajibiwa kuwa kila chenye uhai kina thawabu yake. Na mbwa wa watu wa pangoni ametajwa katika Suratul Kahf, amelala kizingitini. Anayempenda mbwa na hana ruhusa ya kumfuga anaweza kupeleka kituoni chakula, mablanketi na mataulo makuukuu. Vituo vingi huyapokea kwa shukurani, na thawabu yake haihitaji nyumba wala nafasi ya sebule.

Ndugu zetu, mtatuuliza tulimwambia nini binti yule. Tulimwambia: mwanangu, yule mwanamke alimfungia paka kwa makusudi, akamwacha mpaka akafa. Wewe hukukusudia, na paka wako Mwenyezi Mungu amemtoa salama. Lakini uzembe umetokea, nao ni wa sisi watu wazima, na wa kwanza ni huyu unayemwuliza, aliyekujibu kwa haraka. Toba yetu ni kujuta, na kutorudia, na kurekebisha tunachoweza. Akatikisa kichwa, akaenda kumwambia mama yake.

Tangu hapo, Jumamosi moja kila mwezi, mama na binti hupeleka mataulo na chakula katika kituo kile kile. Hawajachukua paka mwingine. Tulipomwuliza binti kwa nini, alisema kuwa watamchukua siku watakapokuwa na mtu wa kumwachia wanaposafiri, bado wanamtafuta. Hilo ndilo jibu tulilopaswa kumpa siku ya kwanza, naye amelifikia mwenyewe. Basi baada ya duaa, aliye tayari kuwa mtu huyo kwa familia ile, au kwa familia nyingine yenye haja kama hiyo, na aje atupe jina lake hapa mbele.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyajibu kwa haraka na tuliyoyaacha kwa uzembe. Utupe nyoyo zinazokumbuka wale wasioweza kutukumbusha kwa maneno. Uzitakabali saumu zetu, na utuhifadhi watoto wetu katika nchi hizi za ugenini. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.